Mama Mwenye Ghorofa Nne

Mama yangu ana ghorofa nne
na lifti moja, mbovu tangu Pasaka.
Hufumbua macho saa tatu asubuhi,
huyafumba saa kumi na moja jioni,
Ijumaa mapema zaidi.
Ukimwita usiku, huitika kwa sauti ya mashine.

Nilishuka kwenye lori la vitunguu
nje ya Newport, magoti yamekufa ganzi.
Polisi akauliza: uko na nani?
Nikatazama nyuma, kama mjinga.
Usiku uleule nikaandikwa
mwana wa Halmashauri.

Siku mbili nikawa mgeni.
Ya tatu, badala ya jembe, wakanipa fomu.

Ulizaliwa lini?
Nikajibu nilivyoambiwa na aliyenizaa:
forosadi zilikuwa zimeiva,
vidole vya mkunga vilikuwa vyeusi.
Karani akatafuta kisanduku cha forosadi,
hakukiona.
Akaandika: tarehe mosi, Januari.

Filmon naye, Januari mosi.
Hemin, Januari mosi.
Mama gani huyu, ajifungue kumi na tisa kwa siku moja,
kila mmoja akilia kwa lugha yake?

Shule ilikwenda kuona mgodi wa makaa.
Barua ilitaka sahihi ya mzazi.
Ikapanda ghorofa ya pili, ikalala.
Ikapanda ya tatu, ikagongwa muhuri.
Iliposhuka, siku ya kumi na moja,
wenzangu walikuwa wamekwisha kurudi,
wananionyesha vipande vyeusi mifukoni.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa.
Na jengo likishikwa na uchungu,
hujishika wapi?

Lakini ndani ya jengo yumo Glenys Parfitt,
dawati la karibu na dirisha,
kikohozi kisichoisha, biskuti kwenye droo.
Ndiye aliyekuja mkutano wa wazazi,
akakalia kiti cha mtoto, magoti kidevuni,
akamhoji mwalimu wa hesabu
mpaka mwalimu akatazama saa.
Ndiye aliyesimama usiku wa bajeti
Diwani Pugh alipouliza,
kila kichwa ni pauni ngapi?
Hakutaja pauni. Alisoma majina yetu.
Langu, Zalmay, alilivunja katikati,
na tangu siku ile nalipenda lilivyovunjika.

Januari mosi nikatimiza kumi na nane,
saa sita usiku, fataki zikiwalilia wengine.
Faili langu likateremshwa ghorofa ya kwanza:
Waliomaliza Malezi.
Forosadi zilikuwa bado miezi mitano.

Jumamosi moja ya Juni, jengo limefungwa,
mlango wangu ukabishwa.
Glenys, koti limelowa, mfuko wa plastiki mkononi:
forosadi kavu, kutoka duka la Mkurdi.
"Sina hakika kama ndizo," akasema.

Zilikuwa nyeupe. Za kwetu ni nyeusi.
Nikala moja, nikala nyingine,
nikamsogezea kiti.
Sikumwambia.