Debe la Biskuti

Ami Twalib alikishusha melini mwaka wa themanini na sita:
kigari chekundu, tairi za miiba, antena ndefu kama fito.
Akatuachia hapa Kibokoni, akarudi baharini.
Miaka thelathini juu ya kabati,
betri ikitoa ukoga wa kijani.

Nikakifungua kwa bisibisi ya cherehani.
Giya za plastiki zimesagika kama tambuu;
nikatia za chuma.
Bushi nikang'oa, nikatia beringi
za viatu vya magurudumu, mtumba wa Kongowea.
Mota isiyo na brashi. Betri ya droni.
Mkono wa mbele ulikatikia Tononoka, kwenye changarawe;
Jitesh akanichongea mwingine
kwa kibao cha plastiki cha kukatia nyama
(mamake bado anakitafuta).
Hata ganda ni jipya, ila wekundu ni uleule.

Jana ami karudi, mguu mmoja mzito.
Hajakaa: "Kiko wapi kigari changu?"

Nikamletea debe la biskuti.
Giya, bushi, mota iliyoungua,
ganda lenye ufa.
Chake chote, hata skrubu moja haikupotea.

Akalitikisa. Likalia kama kayamba.

Uani, kidole changu kwenye rimoti,
chekundu kikachupa ngazi tatu,
kuku wa Bi Mwanajuma akapanda ukuta.

"Na kile?"
"Kile changu."

Akalifunika debe, akalipakata.
Kimya, mpaka vumbi likatua.
Kisha akanyoosha mkono uliokuwa mtupu:

"Basi niazime."