Gavana Ndani ya Pampu

Tuliinunua kwa kilo, Vingunguti,
kama nyama ya jirani zetu wa machinjioni.
Fodisoni ya mwaka hamsini na nane,
buluu yake imebaki chini ya kiti tu,
mahali jua halikupata kibali.

Nilipofungua kitovu cha gurudumu la nyuma
nikakuta nyuzi za katani zimejisokota kwenye ekseli,
ngumu, nyeupe,
kama mvi za mtu aliyezikwa na kofia yake.
Nikazikata kwa kisu. Sikuzitupa. Sijui kwa nini.

Zamoyoni, ambaye mchana anaendesha foklifti bandarini,
alisema: Hii ndiyo ya kuvuta.
Hokororo akacheka mpaka miwani ya kuchomelea ikamdondoka:
Hii? Hii yenyewe inataka kuvutwa.

Miezi minne.
Turbo tuliitoa kwenye Skania iliyopinduka Mikese,
bado ilikuwa na mchanga wa mtaroni kooni.
Pistoni tukazinyoa kichwani milimita mbili,
kwa sababu hewa ya kusukumwa ni mgeni mwenye mizigo:
usipompa nafasi, anavunja kitanda.
Nozeli tukazipanua matundu. Studi za hedi
alizichonga Mwinshehe wa Gerezani,
anayepima kwa ukucha kabla ya kupima kwa kifaa.

Kisha pampu.
Humo ndani anakaa gavana:
kiwambo cha ngozi na springi moja,
kazi yake kumwambia dereva, basi, inatosha.
Trekta hii ilishuka melini
siku ambazo Gavana mwingine alikuwa akinywa chai Magogoni.
Yule bendera yake ilishushwa, akaondoka na kofia yake ya manyoya.
Huyu alibaki.
Mkonge ukapanda bei, mkonge ukaanguka,
shamba likataifishwa, shamba likabinafsishwa,
naye yumo ndani ya mafuta, basi, inatosha,
chini ya lakiri ya risasi aliyofungiwa kiwandani.

Nikaikata lakiri kwa koleo.
Mkono ulinitetemeka kidogo, nikasingizia njaa.
Risasi yenyewe nikaitupa kwenye ndoo ya vyuma vya puani,
nayo ikaongeze uzito.

Jumapili, uwanja wa kifusi nyuma ya Pugu Kajiungeni.
Mzigo wa kuvutwa ni chesisi ya lori iliyong'olewa magurudumu,
na juu yake sanduku la zege linalotambaa mbele kwa mnyororo:
ukipiga hatua nalo linapiga,
kama deni la dukani.

Masei ya Chanika ilivuta mita hamsini na saba, ikazama.
Zamoyoni akakaza kitenge kichwani, akapanda,
akafungua mafuta yote.

Sijui nieleze vipi.
Sauti haikuanzia masikioni, ilianzia kwenye meno.
Moshi ukasimama wima.
Pua ikainuka shibiri, magurudumu ya mbele
yakaning'inia bila kazi, kama miguu ya mtoto aliyebebwa.
Arobaini. Hamsini. Hamsini na nane,
Hokororo ananikumbatia, ananiunguza na sigara yake,
sitini.

Halafu ko.
Ko moja tu, kama mtu aliyebisha hodi
akaingia bila kungoja karibu.

Mkono wa pistoni ya tatu ulitokea ubavuni.
Tundu la kutosha ngumi. Niliingiza yangu,
nikaitoa upesi, bado pana moto.
Mafuta yalikuwa yakichora kwenye kifusi
ramani ya nchi nisiyoijua.
Kumbe hicho ndicho alichokuwa akikijua, yule wa ndani.
Sikumwambia mtu.

Tumeshinda? Zamoyoni aliuliza, masizi usoni, meno yote nje.
Tumeshinda. Kwa mita tatu na injini moja.

Leo Jumatano. Bloku iko juu ya mkaa,
maana chuma cha kusubu ukikichomelea kikiwa baridi
kinapasuka kwa hasira.
Hokororo kapiga magoti, anapepea na kifuniko cha ndoo.
Jiko tumeazima kwa Mwamvua wa chapati.
Amesema analitaka saa kumi na moja alfajiri,
chuma kiwe kimepona au hakijapona.