Mizunguko Mitatu na Nusu

Mwenye duka pale Mwanjelwa aliviweka mbele yangu
kama anayeuza vito:
pete ya namba nane, nyepesi, rangi ya chungwa,
kapi lenye breki,
kigingi cha chuma chenye pembe mbili kama beberu wa mwaka.
Nikamwuliza: hiki kikishika moto, kinalia au kinanyamaza?
Akacheka. Akataja bei.

Mimi ni mtu wa chini. Gwamaka ndiye hupanda,
yeye ndiye watoto humpigia makofi.
Mimi, Tumpale binti Mwakibinga, nashika kamba,
na jioni shingo inaniuma kwa kutazama juu.

Miaka ya kwanza tulizungushia shinani.
Mti unaokatwa ndio uliobeba mzigo wake,
na hatukulipa hata shilingi.
Mgrevilea ulitufaa, gamba lake kavu, lina makwaruzo.
Mparachichi ukatukatalia:
ngozi laini, kamba ikaila hadi nyama nyeupe,
mama mwenye shamba akalia kuliko mti.
Ila mkaratusi!
Mkaratusi hujivua gamba kama nyoka,
na siku ya mvua
(nionyeshe hapa Tukuyu siku isiyo ya mvua)
mizunguko mitatu ni sawa na mmoja,
na mmoja ni sawa na dua.

Lusajo alilijua hilo kwa kiganja.
Tawi la Katumba liliondoka na ngozi yake ya kulia.
Mpaka leo ukimsalimia
anakupa kifundo cha mkono.

Basi nilirudi na fedha yangu mfukoni
nikaenda kwa Asangalwisye, fundi wa kuchomelea.
Tukachagua bomba la inchi nne, nene,
la pampu iliyokufa.
Akalipachika pembe mbili na kitako,
tukalifunga shinani kwa mkanda wa lori.
Halipendezi. Gwamaka aliliita mguu wa kitanda cha jela.
Lakini katika unene ule kamba haivunjiki mgongo,
moto unapata pa kukimbilia,
na mizunguko naihesabu kwa macho,
naongeza, napunguza, mzigo ungali hewani.
Ile pete ya dukani ikishafungwa imefungwa,
kama mchumba wa kuletewa.

Leo ni zahanati.
Mkaratusi umeinamia bati la wadi ya wazazi.
Akina mama wamehamishiwa baraza ya jikoni,
vichanga ndani ya vitenge,
wanatutazama kama wanaosubiri majibu ya maabara.

Tawi la kwanza, uzito wa ndama: mizunguko miwili.
La pili ni fahali.
Hapo ndipo wengi hukosea, kwa woga wanabana,
tawi linasimama ghafla,
na mti mzima unampepeta aliye juu.
Kushika, kila mtu anajua.
Mimi nalipwa kwa kuachia.

Mitatu na nusu, nikasema.
Msumeno ukanyamaza. Mti ukasema *kwaa*.
Nikaiachia kamba itembee,
ikatembea, ikaharakisha, nikaibembeleza,
harufu ya nailoni ikachanganyika na ile ya majani,
ile ya dawa ya kifua,
na fahali akapita kando ya mfereji wa bati
kwa upana wa kiganja kimoja,
kiganja kizima,
akalala majanini taratibu kama mgonjwa
anayejua kitanda chake.

Barazani mtu akaguna. Kichanga kimoja kikapiga chafya.

Mvua ikaanza tena, matone manene,
na kila lililogusa bomba likageuka mvuke.
Nikalitemea mate.
Likalia.
Nikamkumbuka yule mwenye duka.

"Tumpale! Hili linalofuata mingapi?"
Nililitazama lile tawi, jeusi kwa maji, limepinda upande wa bati.
Nikaipima kamba iliyolowa katikati ya vidole.
Nikaongeza nusu.
Nikaitoa.
Nikamwambia asubiri.