Sekunde Tatu za Pijo Nyeupe

Ukiangalia filamu na mjomba Chibwe
wezi utawasahau.
Miaka yote hii majina yao hayajui,
hajali nani kamsaliti nani,
wala yule mwanamke wa kofia pana
analilia nini pale stesheni.
Yeye anahesabu magari.

"Sitroeni nyeusi. Fiati mbili, moja imepakwa rangi jana.
Lori la mikate, hilo ndilo lenye dhahabu,
tazameni springi za nyuma zilivyolala.
Mkate gani mzito hivyo?"
Na sisi, tumebanana kitandani na sahani ya ndakala,
tunajua kabla ya polisi.

Kamalondo, Jumamosi, umeme umerudi saa mbili usiku
na hakuna anayeuamini.
Televisheni imekaa juu ya injini isiyo na mwenyewe,
kaseti inaingia, inakohoa, inashika.

Kisha kufukuzana.
Renoo ya manjano inashuka ngazi za kanisa,
polisi wanne nyuma yake, king'ora, njiwa, meza za samaki hewani,
nasi tunapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta.
"Uongo!" Mjomba anasimama.
"Breki za gari hilo ni za ngoma.
Mteremko huo zingechemka kama maharage,
dereva angekuwa anasali.
Na taa ya kushoto? Imevunjika sokoni, darajani iko nzima.
Nipeni anwani ya gereji hiyo nikaombe kazi."

Sitroeni inaruka genge.
"Haina injini," anasema, kwa huruma kidogo.
"Imetangulia mkia.
Gari lenye injini huanguka kwa kichwa,
kama mtu mwenye mawazo."

Halafu ananyamaza,
nasi tunanyamaza, hata Musonda aliyekuwa anatafuna.
Kona ya duka la maua.
Polisi wanapita. Renoo inapita.
Nyuma yao, kando ya njia,
haifukuzi, haifukuzwi,
Pijo nne-sufuri-nne, nyeupe,
imebonyea kidogo juu ya gurudumu la mbele.

Babu aliinunua kwa miaka ishirini na miwili ya tanuru la shaba.
Jumapili aliiosha kabla ya kujiosha mwenyewe.
Mwaka ule wa uporaji alitoa betri,
akalala nayo kifuani kama mtoto mwenye homa,
akijua gari bila betri haliendi.
Wakaja sita wenye bunduki.
Wakalisukuma kwa mikono.

Hakuna aliyewafukuza.
Hapakuwa na ngazi, wala king'ora, wala njiwa.
Lilitoka uani mwendo wa jeneza,
babu nyuma yake kwa ndala,
mpaka pale avenyu inapokata,
akasimama
kama mtu aliyemsindikiza mgeni
na hajui aseme nini.

"Rudisha."
Tunarudisha.
"Simamisha hapo."
Tunasimamisha, picha inatetemeka.

Sehemu hiyo ya kaseti imechoka.
Kila mwaka chenga zinakula kipande:
kwanza taa, kisha mlango,
mwaka jana lile bonyeo lenyewe.
Sasa ni weupe ndani ya weupe,
mistari inapanda, inashuka,
na kidole cha mjomba kwenye kioo,
chenye oili ambayo sabuni haijawahi kuiweza.
"Angaria," anasema. "Njo ile."

Ndiyo ile, mjomba. Tunaiona.

Kama wezi walikamatwa, sijui.
Kama dhahabu ilivuka mpaka ndani ya mikate, sijui.
Umeme haujawahi kutufikisha huko,
au hatujawahi kuacha kurudisha.

Betri ipo.
Inazuia mlango wa gereji
upepo ukivuma.