Gauni la Pasaka

Daftari ninalo bado, Shija.
Jalada lina twiga na doa la mafuta ya dagaa.
Ukurasa wa kwanza niliandika jina lako,
chini yake bei ya moyo wako:
milioni nne na laki mbili.
Niliandika kwa penseli. Nilidhani labda itapungua.

Mama yako Nyanjige alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
pale Mwaloni, kati ya meza yangu na ya muuza magunia.
Tundu, alisema. Akakutanisha kidole gumba na cha shahada
akaacha uwazi wa kupitisha punje ya mtama.
Wewe ulikuwa mgongoni, kucha rangi ya zambarau,
miaka minne, na uzito wa ndoo isiyojaa.

Sasa nisikilize, maana umeshajua kusoma.
Siku ya picha alikuvika gauni la Pasaka,
la njano, lenye mkanda, na viatu vya kuazima.
Alikupaka mafuta hadi ukang'aa.
Mimi ndiye niliyesema: mvue.
Wakiuona mkanda huu, nilisema, nani atatoa?
Nyanjige alinitazama.
Kisha akafungua vifungo, kimoja, kimoja,
akakuvika fulana iliyopita kwa Kulwa, ikapita kwa Doto,
ikakufikia na tundu lake begani.
Nikasema: usicheke, mwanangu.
Ulikuwa unacheka.

Picha ikatembea kuliko ulivyowahi kutembea.
Ilifika Sengerema kabla ya kivuko,
ikashuka Geita kwa vijana wa mashimoni;
wakatuma elfu mbili mbili usiku wa manane,
simu ikitetemeka chini ya mto wangu
kama mende ndani ya kopo.

Lugata wa bodaboda, elfu tatu, na "nitaongeza."
Akaongeza.
Wapaa samaki walipitisha beseni, noti zikaja na magamba.
Nilizianika juu ya wavu, na korongo akaja,
shingo uchi, akazikagua
kama mtu wa mapato.
Kwaya ya Kitangiri. Bahasha ya msikiti wa Igogo, haina jina.
Mtoto wa shule, mia mbili. Nikaandika mia mbili.
Na Masatu wa mitumbwi saba alisimama mbele za watu
akatamka laki tano. Tulipiga makofi.
Jina lake lipo, na mbele yake pako wazi.
Ahadi ni deni, wanasema,
ila moyo wako haukuwa na muda wa kudai.

Kuna jingine. Wiki ya sita nyumbani hakuna unga,
nilichukua elfu nane. Siku ya nne nikarudisha.
Daftarini halimo. Sasa limo humu.

Kilimani Bugando, saa sita mlangoni,
Nyanjige alikumbatia mfuko wa plastiki.
Nilidhani ni chakula.
Siku ya kutoka akaufungua: gauni la njano.
Lilikubana kifuani juu ya bandeji, ukagoma kulivua.

Zilibaki elfu thelathini na saba na mia tano.
Kitanda cha pili alilala Lukonge, katoka Ukara,
na bibi yake asiye na simu.
Wiki nzima alikuwa akitusikia tukihesabu.
Akanivuta kanga: mwanangu,
hiyo picha inapigwaje?
Na huyu wangu, anatosha kupigwa?

Sikujua nimjibu nini. Nikafungua ukurasa mpya.
Nikamuuliza Lukonge anataka kuvaa nini.
Akataka tai ya marehemu babu yake,
nikamfunga, ikamfika magotini,
akacheka, nikapiga akiwa anacheka.

Pesa zilikuja polepole, Shija.
Polepole sana kuliko zako.
Bado zinakuja.