Waya wa Shaba

Alhamisi saa tisa, ukumbi wa parokia, Katuba.
Viti kumi na kimoja vya plastiki, kimoja kimepasuka mgongo.
Dada Solanj, muuguzi, huja na kikapu
na kila wiki hutoa humo kitu kimoja tu.
Wiki iliyopita lilikuwa bakuli la bati, la mgodini.
Tuligombana mpaka giza likaingia:
king'ora cha alfajiri kililia saa kumi na moja na nusu
au kumi na mbili kasorobo?
Na Baba Kabulo, ambaye kwake, wanasema, hasemi na mtu,
akapiga meza: "Na nusu! Mie njo nilikuwa nakimbia!"
Tulicheka. Usiku ule nililala bila kidonge.

Leo ametoa bobini ya uzi mweusi.
Ikapita mkono kwa mkono, polepole,
kama kitoto kichanga kinavyopitishwa kwa wageni.
Ilipofika kwa Mama Ntumba, ikakaa.

"Nilikuwa na cherehani," akasema.
"Nyeusi, maua ya dhahabu ubavuni.
Kanyagio lilivunjika, bwana yangu akalifunga
kwa waya wa shaba. Mara saba alizungusha.
Mwaka ule wa treni niliiacha.
Tulilala stesheni wiki tatu.
Mtoto mgongoni, sufuria kichwani,
cherehani ungeiweka wapi?"

Wenzangu wakaguna. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mara saba. Najua. Nimezihesabu.
Tulikuwa majirani, ua wa matete katikati.
Asubuhi ya pili mlango wake ulikuwa wazi, upepo unaubamiza,
nikajiambia: nisipoichukua mimi, atachukua mwingine.
Mimi nimezeeka; maneno hayo bado.
Marehemu mke wangu alishona juu yake
nguo za shule za watoto sita,
wala hakuniuliza hata siku moja imetoka wapi.
Heri angeuliza.

"Na weye, Baba Mukalay? Uzi unakukumbusha nini?"
Nikasema: samaki. Utoto, mto Lufira, ndoano.
Wakanipigia makofi.

Alhamisi iliyofuata nilikodi mkokoteni.
Mjukuu akauliza, "Babu, tunaenda kuuza?"
Sikumjibu, njia ilikuwa na mashimo.
Hotuba sikuandaa. Niliondoa kitenge juu yake, basi.

Mama Ntumba hakulia. Hakunilaani.
Aliinama, macho yake yana ukungu,
akautafuta waya kwa vidole, akahesabu kwa sauti
mpaka saba.
Kisha akazungusha gurudumu. Likaenda, kimya.
"Nani alikuwa anaipaka mafuta, miaka yote hii?"
"Bibi yangu."
"Ngoie? Serafina Ngoie, aliyecheka akiziba mdomo?"

Miaka tisa tangu tumzike.
Watu hunitajia kaburi lake, siku zake za hospitali.
Kicheko chake, hakuna.
Nilitaka kusema nisamehe. Kilichonitoka kilikuwa:
"Ndiyo. Alikuwa anaficha pengo."
"La kushoto," akasema Mama Ntumba.
"La kulia."
"Kushoto, Baba! Mie nilikuwa naangaliana naye kila asubuhi juu ya ua!"

Dada Solanj akaacha kuandika.
Tuligombana mpaka mlinzi akaja na funguo.

Ule msamaha bado sijauomba.
Ninao hapa, mfuko wa koti, karibu na miwani.
Na pengo lilikuwa la kulia.