Wifi wa Chini

Wifi yangu Swabaha yuko chini,
mimi juu. Kati yetu ngazi ishirini na tatu
na ukuta wa matumbawe, unene wake mkono wangu hadi kiwiko.
Yeye ana kompyuta ya mezani inayokohoa ikiwashwa,
mimi laptopu niliyokuja nayo Lamu kutoka Malindi
pamoja na sanduku la nguo na maneno machache.

Yeye huchora ruwaza za kofia, tobo kwa tobo.
Mimi huzipeleka kwa wateja, Mombasa na Maskati.
Miezi minane ruwaza zilipanda ngazi kwa miguu:
Twalibu, mwanawe, na flashi mdomoni
kama kipande cha mua.
Juzi ikamponyoka, ikatumbukia birikani.
Wale samaki wadogo wala viluwiluwi
wakaizunguka, wakaisoma, wakaiacha.

"Nyumba moja, waifai moja," akasema Swabaha,
"mbona hazisemezani zenyewe?"
Hakuwahi kuniambia maneno mengi hivyo tangu Mfungo Mosi.

Tukazima, tukawasha.
Tukalinganisha jina la kikundi, herufi kwa herufi.
Ruta iko kidakani, baina ya chetezo
na sahani ya buluu iliyogandishwa kwa gundi;
taa zote kijani, inatuona sote wawili, haisemi kitu,
kama mume wangu mezani.

Nikapiga hodi kwa nambari, kutoka juu:
hodi nne, karibu nne.
Akapiga yeye kutoka chini.
Muda umekwisha. Muda umekwisha.
"Haiyi!" akapaza sauti. "Haiyi kabisa!"
Mimi Mmalindi ningesema haiji, lakini nilimwelewa:
yeye ameniitika, mimi sijamwitika.

"Labda ukuta wa moto," nikamwambia.
"Wa moto? Kwani haya mawe hayatoshi?"

Nikapekua mipangilio hadi nikakuta
swali nililolijibu zamani:
mtandao huu ni wa nyumbani, au wa hadharani?
Nikaukumbuka usiku ule. Hina mbichi viganjani,
nyumba imejaa wanawake nisiowajua majina,
wananiangalia ninavyokaa, ninavyokula.
Nikabonyeza kwa kifundo cha kidole:
hadharani.

Basi tangu hapo laptopu yangu hujifunika humu ndani
kama mtu apitaye sokoni,
haitazami mtu, haiitikii hodi.
Na mimi kila siku nikisema: hawa watu, hawa watu.

Sikumwambia Swabaha. Nikabadilisha tu.
Kompyuta haikuuliza sababu.
Chini nikasikia: "Eh! Nakuona! Jina lako hili hapa!"

Lakini nilipotaka kuingia kwake, nikazuiwa.
Ilitaka nywila, naye hana.
"Yangu haina kufuli," akasema, kwa fahari kidogo,
"aingie atakaye."
Kumbe ndiyo sababu. Mashine hizi zina adabu zake:
mlango usio na ufunguo
haumfungulii mtu wa mbali.

Nikamweleza. Akanyamaza. Nikasikia vibonye, polepole,
kisha kiti kikisukumwa, kisha ndara ngazini,
kona ya kwanza, akapumua, kona ya pili.
Angeweza kupaza sauti kama kawaida yake,
ila dirisha la jirani li wazi, na Twalibu ana masikio.
Akaniinamia, akaninong'oneza.
Harufu ya iliki. Herufi nane. Siwaambii.

Folda zikafunguka: Vito. Harusi. Madeni.
Na moja iitwayo Mgeni.
Mkono ulinisita. Sikuifungua.
Nikachukua Vito, ruwaza arubaini.
Dakika tatu zimebaki, ikasema; kisha tisa; kisha mbili.
"Hii haijui kuhesabu," akasema Swabaha,
akaketi kitandani mwangu bila kukaribishwa,
akaukazia macho mstari wa kijani
kana kwamba akipepesa utarudi nyuma.